Suti Iliyonitosha Miaka Yote

Jumanne, tarehe 4, mwezi wa tatu

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika vinyozi wote niliojifunza nao kazi, nimemzika daktari aliyenikataza tumbaku, na nimeuona mwisho wa sinema, wa studio ya picha, na wa kiwanda cha sabuni ambacho king'ora chake ndicho kilikuwa saa yetu mtaa mzima. Meno yangu mengi yameniaga. Mimi bado nipo, na mkasi wangu upo. Nasema haya mapema ili anayesoma ajue yuko na nani.

Kalamu si kazi yangu. Shule niliiacha nikiwa bado nagombana na herufi, na hadi leo hatujapatana vizuri. Lakini mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ambaye ni muuguzi pale zahanati, kanipa daftari hili akasema, "Baba, mvua hii yote andika kila unachokula." Nikamwambia chakula changu tunakijua mimi na tumbo langu, hatuhitaji karani. Akacheka tu. Yule mtoto akicheka ujue umeshashindwa.

Haya. Leo nimekula. Mvua imeanza.

Alhamisi, tarehe 6

Chai, mkate na siagi. Wali, nyama. Soda. Chai. Viazi vya kukaanga. Soda, ya kushushia viazi.

Jumapili, tarehe 9

Mkamwana kasoma. Kasema, "Baba, na sukari ya chai je?" Nikamwambia sukari si chakula, sukari ni ladha. Kaandika neno mahali.

Nieleze basi daftari hili limetokea wapi, maana asije mtu akadhani nimeanza kuwa msomi uzeeni.

Wiki iliyopita nilikuwa dukani namnyoa mwenye bucha. Kichwa chake nakijua kama uani kwangu, nimekinyoa tangu kina nywele za kutosha. Nikiwa upande wa kushoto magoti yakaanza kuniimbia, pumzi ikawa fupi, duka likazunguka kidogo, mkasi ukateleza. Nikamkata sikio. Si sana, ila damu ilitoka.

"Mzee," akasema huku kalishika, "mimi ndiye mwenye bucha hapa. Nyama nakata mimi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini nilikuwa nimekaa chini na sikumbuki kukaa. Mwanangu akaitwa. Akaja na gari lake, uso umekunjamana, wakanipeleka zahanati. Presha juu. Sukari, mkamwana alisema hivi: "Imefika mlangoni, baba, haijaingia ndani. Tukiwahi tunaweza kuifukuza. Lakini inayoikaribisha ni hilo tumbo."

"Tumbo gani?" nikauliza.

Wote wakatazama pembeni, hata yule mpima damu.

Nikawaambia jambo moja. Suti yangu ya arusi, ile ya kijivu, niliyoivaa nikiwa kijana wa kubeba kitanda peke yangu, mpaka leo inanitosha. Nimeivaa mwaka jana kwenye arusi ya jirani, nikafunga vifungo vyote, nikacheza. Mtu anayevaa akiwa mzee suti ya ujana wake, huyo ana unene gani?

Mwanangu hakutaka habari za suti. Kasema, "Baba, mvua ikiisha tunafunga duka."

Hapo moyo ndio ulinishtuka kweli, si ile presha yao. Tukabishana hadi mkewe akaingia kati. Tukakubaliana: mvua ikiisha, nikiweza kumnyoa mtu mwanzo hadi mwisho nimesimama, bila stuli, bila kuhema, na presha iwe imeshuka, hatataja tena kufunga. Nikishindwa, funguo anachukua yeye.

Nikampa mkono. Kijana anacheza na mtu asiyemjua.

Jumamosi, tarehe 15

Mvua kubwa, wateja hakuna. Nimekaa kwenye kiti cha wateja natazama maji yanavyokimbia barabarani.

Zamani mvua haikunifungia ndani. Nilianza unyozi kwa sanduku, kabla sijapata mlango wangu. Sanduku la mbao, lina kamba ya ngozi, ndani yake mkasi, kichana, wembe, kioo na unga. Nalining'iniza begani, natembea mtaa hadi mtaa, napanda kile kilima cha kanisani, nashuka ng'ambo kwa wafanyakazi wa reli, narudi kwa njia ya sokoni. Ukinisikia nagonganisha mkasi, cha-cha-cha, unatoa kigoda nje, unakaa. Mvua ikinyesha tunahamia barazani kwa mtu, tunaendelea. Jioni nilikuwa na njaa ya haki. Njaa ya siku hizi si njaa, ni mdomo tu kukosa kazi.

Nyama tulikula siku ya kupata nyama. Soda ilikuwa ya mgonjwa na ya mgeni. Na ukimwona mtu ana kitambi unamwamkia mara mbili, maana huyo ni meneja au ni mwenye nyumba. Sote tulikitamani kitambi. Nakumbuka nikijitazama kwenye kioo changu mwenyewe, nimejibetua tumbo kama mjamzito, nione nitapendezaje nikitajirika.

Chai, mkate, wali, maharage. Soda moja tu. Andikeni hiyo.

Ijumaa, tarehe 21

Mkamwana kaja dukani na sare zake za kazi, kabeba kitita cha uzi wa katani. Kasema wanaume hawaendi zahanati mpaka wabebwe, lakini kwa kinyozi wanaenda kwa miguu yao, kwa hiyo zahanati imeona ianzie huku. Nikamwambia hapo mmetumia akili. Duka lilijaa. Mwenye bucha yupo. Na shemeji yangu fundi cherehani yupo, kaka wa mke wangu, tunamwita Pini kwa wembamba na kwa kuchoma maneno.

Yule mtoto kasimama katikati ya wanaume bila aibu. Kawaambia unene siku hizi umeingia kila nyumba, ya mwenye nacho na asiye nacho, na hauji na tumbo peke yake, unakuja na presha, sukari, moyo na magoti. Mwenye bucha akamnyooshea kidole jamaa mmoja mnene kwenye benchi, akaanza mzaha. Mkamwana akamkatiza. "Hapana, mjomba. Hapa hatumcheki mtu. Unene si dhambi wala si uvivu. Mtu kafanyiwa na kazi ya kukaa, na vyakula vya kukaanga kila kona, na soda iliyo rahisi kuipata kuliko maji safi. Mkicheka, atajificha. Akijificha, tutampata amechelewa."

Mwenye bucha akawa mpole kama kondoo wake.

Halafu uzi. Anakupima urefu, utosini hadi kisigino, anaukata. Anaukunja katikati. Ule uliokunjwa anakuzungushia tumboni, usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, nenda nyumbani kwa amani. Zisipokutana, mafuta yamekaa pabaya, anza kazi. Nimewahi kuona vipimo vya kila aina, huu nimeuheshimu, mtu anaweza kujipima chumbani kwake.

Wakanisukuma mimi. Pini ncha zilikutana zikabaki za kufungia mzigo. Zangu hazikukutana. Palibaki pengo la kiganja kizima.

Nikasema uzi umelowa, umejikunja. Akakata mwingine. Pengo lile lile.

"Basi uzi ni mwongo," nikasema. "Mimi nina ushahidi wa kitambaa. Pini, wewe uliishona ile suti kwa mikono yako. Waambie."

Pini akakohoa. Akasema amekumbuka ana pasi motoni, akatoka na mvua.

Jumanne, tarehe 1, mwezi wa nne

Mvua. Magoti. Nimemnyoa mtu mmoja kwa stuli.

Jumamosi, tarehe 5

Zahanati itafanya siku ya wazi mvua zikipungua, uwanjani pale, watu waelezwe habari za unene na namna ya kujikinga. Wametafuta wazee wa kusema maneno mawili. Nimejitolea. Nitapanda jukwaani na suti yangu ya kijivu, nifunge vifungo mbele ya watu wote, niwaambie: tazameni, hivi ndivyo mtu anavyojitunza. Mkamwana kanitazama muda mrefu. Kasema, "Baba, ungeongea na mama kwanza."

Nimeongea naye. Nimemwambia avae na yeye gauni lake. Maana siku ile tulitoka na kitambaa cha jora moja. Kaka yake alikuwa ndio kwanza anajifunza cherehani, akapata jora la kijivu lenye mstari mwembamba wa bluu, akasema nitawashonea wote wawili kutoka humu mtoke kama pacha. Suti yangu na gauni lake refu, lenye marinda mpaka chini. Akitembea lile gauni lilikuwa linanong'ona. Tulitoka kwao kwa miguu mpaka kwetu, watu nyuma wanaimba, na sikumbuki kama nilichoka.

"Utalivaa?" nikamuuliza.

"Tutaona," akasema, akaingia jikoni.

Jumapili, tarehe 13

Leo naandika mengi.

Nilimwambia mke wangu alitoe gauni tulianike, mvua zimeleta ukungu makabatini. Akasema kesho. Nikasema leo kuna kijua kidogo. Akasema amesahau lilipo. Mwanamke huyu anajua ilipo kila sindano ya nyumba hii, kasahau gauni la arusi yake? Nikaanza kupekua. Sanduku la chini ya kitanda, kabati, begi la juu. Nikawa nahema, nimeshika mlango wa kabati, na hasira zangu.

"Mama watoto, umeligawa? Umempa nani gauni letu?"

Alikuwa amekaa kitandani. Mikono mapajani.

"Sijampa mtu."

"Sasa liko wapi?"

"Umelivaa wewe."

Nikadhani kachanganyikiwa. Akainuka, akaitoa suti yangu, akaigeuza ndani nje, akaniwekea kwenye mwanga wa dirisha. Miaka yote hii sijawahi kuitazama suti yangu ndani. Nani anatazama ndani? Pembeni mwa suruali, chini hadi kiunoni, kuna kipande. Pembeni mwa kipande kuna kipande. Nyuma ya koti katikati, kipande. Makwapani. Kitambaa kile kile, mstari ule ule wa bluu umekutanishwa na mwenziwe kwa ufundi ambao hata jicho langu la kinyozi halikuona.

Akanieleza. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya mtoto wa pili. Nilikuwa nimeanza kukaa dukani siku nzima, sanduku nimeshaliacha. Suti ikanibana, nikanuna siku mbili. Akampelekea kaka yake aipige pasi kabla ya arusi ya watu, akamwambia, ongeza kidogo, asijue. Akaongeza kwa mabaki ya jora. Nikaivaa, ikanitosha, nikatamba mtaa mzima. "Ulifurahi mno," akasema. "Nikaona, kuna ubaya gani?" Baadaye ikabana tena. Mabaki yakaisha. Jora kama lile halikuwepo tena mjini. Akatoa gauni lake. Wakakata upindo wa chini. Mwaka mwingine rinda. Mwaka mwingine rinda jingine.

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana tulikata kifuani, hapa." Akajigusa. "Palikuwa ndipo pamebaki."

Nikakaa. Nilitaka kumfokea mtu. Nikamtazama, nikamwona msichana aliyekuwa ananong'ona akitembea, na nikaona kuwa nimemla. Rinda kwa rinda, nimelila gauni la mke wangu kwa viazi na soda, na huku natamba.

"Ungeniambia," nikasema.

"Nani anakwambia wewe kitu?"

Hilo nalo ni kweli.

Jumatatu, tarehe 14

Sijala asubuhi. Mkamwana kasema kujinyima chakula kwa hasira si dawa, ni kununa kwa tumbo tupu. Nimekula.

Nimepita kwa Pini. Alikuwa ameinama kwenye cherehani, aliponiona akasimama kama anayengoja kofi.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe ni fundi mbaya sana."

"Mbaya?"

"Fundi mzuri angeharibu mara moja, nikajua."

Akavua miwani akaifuta. "Nilikuwa naogopa siku ambayo gauni lingeisha," akasema. "Nilimwambia dada, safari ijayo itabidi tuongeze kwa pazia."

Tukacheka hadi mashine zake zikatikisika. Nikiwa natoka akaniambia taratibu, "Lilikuwa gauni langu la kwanza kushona, shemeji. Nililikata huku nimeangalia pembeni."

Alhamisi, tarehe 17

Chai bila sukari. Ina ladha ya maji yaliyooshewa vikombe. Nimeandika, mkamwana, nimeandika.

Jumapili, tarehe 20

Tumeanza kutembea, mimi na mke wangu, asubuhi kabla ya duka, kila mtu na mwavuli wake. Siku ya kwanza tumefika kwenye kona ya posta ya zamani nikasema tupumzike tuangalie mandhari. Hakuna mandhari pale, kuna jalala. Tukaliangalia.

Sahani yangu ameigawa kama alivyofundishwa na mkamwana: nusu mboga za majani, robo wali, robo maharage au samaki. Mafuta anapima kwa kijiko, zamani alikuwa anayamimina huku anaongea. Nimelalamika. Kasema, "Kula, au nimwite Pini alete pazia."

Jumamosi, tarehe 26

Nimekunywa soda. Kwa mwenye bucha, nyuma ya mlango wa friji. Ilikuwa baridi na ilikuwa tamu na simlaumu mtu. Naandika kwa sababu nilikubali kuandika kila kitu.

Jumanne, tarehe 29

Mvua asubuhi, tukatembea hivyo hivyo. Tumefika kilima cha kanisani, nusu yake. Mke wangu kasimama akaniuliza, "Unakumbuka ulikuwa unashuka hapa unakimbia na lile sanduku?" Nikashangaa. Alijuaje, wakati ule hatukuwa tumeongea hata siku moja. Akasema alikuwa anaosha vyombo nje kwao pale chini, alikuwa anausikia mkasi kabla hajaniona. Alikuwa anaosha sufuria moja mara tatu.

Miaka yote hii hajaniambia. Tumelala chumba kimoja, tumekula meza moja, tumetazama runinga moja, na jambo hili limetoka leo kwa sababu tulikuwa njiani kwa miguu. Sijui ni mangapi mengine yaliyobaki huko kwenye kile kilima.

Jumapili, tarehe 11, mwezi wa tano

Mboga. Mboga. Samaki. Suruali ya kazi imeanza kuteleza, nimetoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Nimemwonyesha kila aliyeingia dukani. Mwenye bucha kasema nikiendelea hivi atakosa mtu wa kumkata masikio.

Presha imeshuka. Sukari imerudi nyuma hatua mbili kutoka mlangoni. Mkamwana kaniambia nisitambe, ikirudi huwa haibishi hodi. Nikamwambia siku nikiacha kutamba mniitie mchimba kaburi.

Jumamosi, tarehe 17

Siku ya wazi ya zahanati. Uwanja umejaa, matope kila mahali. Nimepanda jukwaani na shati langu la kazini. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kujisifu, ndefu, nzuri, ikanipotea.

Nikawaambia hivi. Nikawaambia mimi sikunenepa siku moja. Nilinenepa kidogo kidogo, huku watu wanaonipenda wakinipanulia nguo nisijisikie vibaya. Nikawaambia, mkimpenda mtu msimfiche, wala msimtukane. Mwambieni taratibu, halafu mtoke naye mkatembee. Na watoto wenu waachieni maji, waachieni uwanja wa kuchezea, msiwazawadie soda kila wakifanya vizuri, maana nami nilimzawadia wangu hivyo hivyo nikidhani ndiyo utajiri niliokuwa nikiutamani.

Halafu nikauzungusha uzi. Pengo limebaki la vidole viwili. Nikawaonyesha. Sikuwaambia umelowa.

Mke wangu alikuwa mstari wa mbele, kavaa nguo yake ya kawaida. Sijui kwa nini nimeliandika hilo.

Jumamosi, tarehe 31

Mvua zimekatika. Jana na juzi jua tupu.

Mwanangu kaja dukani mchana. Nilijua kafuata nini. Mwenye bucha alikuwa kwenye benchi anangoja zamu yake, Pini kaja kupiga soga, mke wangu kaniletea chakula changu cha majani. Wote wakamgeukia.

"Haya," nikamwambia mwanangu, "nipe mtu wa kumnyoa."

Akatazama benchi. Halafu akavua saa yake, akakaa kitini yeye mwenyewe.

Hajakaa kiti kile tangu aanze kazi ya ofisini, huwa ananyolewa huko mjini kwenye viyoyozi. Nikamfunga kitambaa shingoni. Kilimbana, nikakifunga kwenye kifungo cha mwisho. Nikaanza nyuma, cha-cha-cha. Ana nywele nyeupe. Mtoto niliyekuwa namweka kwenye ubao ili afikie kioo, ana nywele nyeupe nyuma ya masikio, na shingo imetengeneza mikunjo miwili, na akipumua nasikia filimbi ndogo ambayo naijua, maana ilikuwa yangu. Kwenye kioo kile kitambaa cheupe kimepanda juu ya tumbo lake kama shuka juu ya mto.

Sikukaa. Sikuigusa stuli. Upande wa kushoto, upande wa kulia, mbele. Magoti yaliongea kidogo, nikayaambia tutaonana baadaye. Nikamaliza, nikamfuta unga.

"Umesimama, baba," akasema.

"Nimesimama."

"Basi duka ni lako." Akataka kuinuka. Ilimbidi ashike mikono ya kiti na ajisukume, mara ya kwanza haikukubali. Akacheka kwa aibu, akatazama kama wenzake wameona.

Wote tuliona. Zamani ningetazama pembeni, tungetazama pembeni sote, na Pini angefikiria kitambaa. Nikaweka mkono begani kwake.

"Mwanangu, umenenepa."

Akaniangalia kwenye kioo, nikadhani ataondoka.

"Najua, baba."

"Mimi na mama yako tunatoka alfajiri. Tunapita posta, tunapanda kilima. Kwenye jalala tunapumzika, hatukimbizwi na mtu."

Akavaa saa yake, akaenda kwenye gari, akakaa humo muda bila kuliwasha. Halafu akashusha kioo akauliza, "Saa ngapi?"

Haya niliyoandika si ya kuongeza chumvi, chumvi nayo nimeambiwa niipunguze. Asiyeamini amuulize mke wangu. Amuulize fundi Pini, amuulize mwenye bucha aliyekuwa benchini, amuulize mkamwana pale zahanati, ana vipimo vyangu vyote. Mwanangu naye muulizeni, ila mwahini alfajiri pale kilimani, na mwacheni kwanza apate pumzi.